Nani Akae na Nakala

Kompyuta ya chama chetu cha kahawa ilifungwa na watu tusiowajua. Anneth, karani wetu, aliiwasha asubuhi nikiwa nafagia ofisi, akakuta maandishi mekundu ya Kiingereza. Alinieleza polepole kwamba kila kilichomo, hata orodha ya mashamba yetu na mipaka yake, kimefungwa, na ufunguo unauzwa. Bei yenyewe ilizidi mavuno ya kijiji kizima.

Abdiel, fundi aliyetufungia mitambo, alipanda kutoka Engutoto siku hiyo hiyo. Aliuliza tu diski ya nakala iko wapi. Anneth akamwonyesha: imechomekwa palepale kwenye kompyuta. Abdiel akaikagua, kisha akavuta kiti akakaa. Nayo ilikuwa imefungwa.

"Niliwaambia nini kuhusu hii diski?"

Alikuwa ametuambia. Nakala ikishachukuliwa, diski ichomolewe, ikakae nyumba nyingine. Lakini nyumba ya nani? Watu wa juu ya mto walitaka iende kwa mwinjilisti, ambaye ni wa juu. Watu wa chini walitaka iende kwa mwalimu mstaafu, ambaye ni wa chini. Mzee mmoja alisema wakipewa wa juu, kesho mtasikia migomba yote ya bondeni ni yao. Watu walicheka, ila hakuna aliyekubali. Basi Mwenyekiti Stanley akaamua isiende kwa mtu. Ibaki ofisini, imechomekwa, kila anayeingia aione. Wote tuliona ni haki.

Mimi nilimfikiria mama. Baba alipofariki, shamba letu la karibu na mto liliandikwa jina la mama mbele ya baba mkubwa Aminiel, naye akapigwa picha amesimama mpakani. Maandishi na picha, vyote vilikuwa ndani ya kompyuta. Makaratasi ya zamani walishapewa wauza maandazi wafungie, maana kompyuta ilikuwa imekuja.

Mkutano ulifanyika penye mashine ya kumenyea kahawa. Ikaamuliwa kila mwanachama aandikwe upya, na mkubwa wa familia athibitishe mashamba yake. Mkubwa wetu ni baba mkubwa. Mama alisimama, akataja shamba lenye nyumba na lile la mtoni. Baba mkubwa alithibitisha lenye nyumba. La mtoni, alisema, lilikuwa la baba yao. Marehemu alipewa kulima tu.

Anneth alisema anaikumbuka ile picha. Wakamjibu kwamba yeye ameolewa kwa watu wa juu, alikozaliwa mama, atasemaje vingine. Mimi si mwanachama, na ambaye si mwanachama hasemi. Mama alibaki amesimama kidogo, halafu akakaa.

Mwisho Abdiel akatoa diski mpya, akauliza safari hii itakaa kwa nani. Ubishi ukaanza upya, kwa mwinjilisti, kwa mwalimu, na maneno mengine ya tangu enzi za babu zao. Abdiel alisubiri, kisha akafunga begi lake akashuka. Diski ilibaki mezani kwa Anneth.

Jumapili baada ya ibada, baba mkubwa alikuja nyumbani ameshika jani la isale. Kwetu anayekuja na isale anaomba msamaha, na hakataliwi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Violet," alisema, "wanangu wamekuwa wakubwa. Sina pa kuwaweka."

Mama aliendelea kumenya.

"Na kama ile picha ingekuwepo, shemeji?"

"Nisingekuja."

Mama aliweka kisu chini. Alifuta utomvu mikononi kwa kanga, polepole, kidole kwa kidole, kisha akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Akaniambia nichukue ndoo nikachume kahawa iliyoiva kule mtoni.

Baba mkubwa akasema nisijisumbue. Wanawe walikuwa wameshaanza kuchuma.