Sala ya Kufungua Kikao

"Serikali inasaliga, Mama Hafidha? Ina magoti?"

Jirani yangu Sabina aliniuliza hivyo huku anaparua furu, visamaki vya ziwani, mlangoni kwangu, magamba yanaruka hadi kwenye cherehani. Nilikuwa nimemsimulia ya shuleni. Mwanangu Hafidha, darasa la sita, alikutwa mapumziko ya mchana nyuma ya jiko la uji, ametandika kanga, anaswali adhuhuri. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Magesa, akamrudisha nyumbani na karatasi. Niweke sahihi kwamba mtoto hataswali tena shuleni, maana shule ya serikali haina dini. Nisipoweka, nimtafutie shule nyingine.

Sikuweka. Mimi ni darasa la saba tu, lakini karatasi naisomaga mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nikaomba jambo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi. Wiki mbili Hafidha alikaa nyumbani akinisaidia kushona vifungo, na begi lake nililifunga tayari: wakinikatalia, ataenda kuishi Bunda kwa shangazi yake. Tangu baba yake, Twalib, afariki, tumebaki wawili ndani ya nyumba yetu hapa mtaani Mukendo. Nilikuwa namtazama anavyotunga uzi kwenye sindano, namuomba Mungu asiniache na cherehani peke yake.

Jumamosi tukajaa darasani, watu wazima kwenye madawati ya watoto. Nilikaa mbele, Sabina kando yangu, kanga yake inanuka samaki. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Baltazar, ambaye ni katekista, akasema, "Tusimame. Kama kawaida yetu, Mwalimu Mkuu atatufungulia kwa sala."

Mwalimu Magesa akafumba macho. Alisali vizuri, siwezi kumnyima. Aliombea mvua, akaombea mitihani, akaombea wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Mimi nilikinga viganja, macho wazi, nikisikiliza neno kwa neno. Mwisho nikaitika amina na wengine, kwa sauti.

Tulipokaa akasoma ajenda ya kwanza: dini shuleni.

"Hapa ni mali ya serikali," akasema. "Kusali ni nyumbani, kanisani na msikitini. Wazazi wote wanaelewa, ila mmoja."

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, nina swali dogo. Ile sala uliyotusalisha sasa hivi, tulikuwa nyumbani, kanisani au msikitini?"

Nyuma mtu akakohoa kicheko.

"Ile ni ya kufungua kikao, mama. Ni utaratibu tu."

"Ni utaratibu mzuri. Na mwanangu alikuwa na wa kwake. Hakumwita mtu, hakupiga kelele, hakuna kipindi kilichompita. Wewe umesali, mimi nimesema amina. Kama ni kosa, basi humu ndani wote turudi nyumbani na karatasi."

"Ya kwangu mniandikie kwa wino mwekundu," Sabina akadakia, "ndio huwa naonaga vizuri."

Darasa zima likacheka. Mzee Baltazar akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mwalimu, mama ametushika. Miaka tisa nakaa kwenye hiki kiti, na hakuna kikao tulichofungua bila Mungu. Wazazi, tuamue. Mtoto wa dini yoyote anayetaka kusali wakati wa mapumziko, asali. Asiyetaka, asilazimishwe. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda hadi nyuma kabisa. Gati, ambaye mwanawe alikatazwa kuombea uji, alinyoosha yote miwili, ikabidi ashushwe mmoja. Tukakubaliana pia stoo ya majembe ifagiliwe, watoto wapate pa kusalia.

"Hafidha arudi darasani Jumatatu," akasema mzee Baltazar. "Sasa tufunge. Leo atatufungia Mama Hafidha."

Sikutegemea. Nikasimama, nikasoma dua, kisha nikaomba kwa Kiswahili wote wasikie. Nikawaombea watoto na walimu, nikamtaja Mwalimu Magesa kwa jina, afya yake na wanawe. Safari hii nilifumba macho.

"Amina," wakaitika, mabati yakavuma.

Nilipofumbua, Mwalimu Magesa alikuwa amesimama mbele yangu na ile karatasi isiyo na sahihi. Akaichana vipande viwili, akaviweka juu ya dawati langu, akachukua kofia yake, akatoka.