Picha Iliyokwama Njiani

Mzazi wa kitanda cha dirishani alikuwa hajamtia mwanawe machoni tangu amzae. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, wakamkimbiza jengo la pili na kumlaza ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Mama naye presha ilimpanda, mshono ukaleta taabu, daktari akakataza asinyanyuliwe. Asubuhi hii iliamuliwa arudishwe chumba cha upasuaji. Alikubali bila ubishi, ila aliomba amwone mtoto kwanza.

"Si nilikuletea picha yake?" sista wa wodi alimwambia kwa upole.

"Uliniletea, sista, Mungu akuzidishie. Lakini picha haipumui."

Sista akamwekea mto vizuri, akashuka ngazi kumtafuta fundi wa mtandao.

Fundi huyo alikuwa mwanamke kijana, mpole, ambaye hospitali ilimkabidhi kazi moja ya kutia moyo. Kwa kuwa simu hazikuruhusiwa kule kwa watoto, juu ya kila kisanduku ilifungwa kamera ndogo, na wodi ya wazazi ikapewa tableti, ili mama asiyeweza kutembea amtazame mwanawe akiwa amelala palepale. Kazi ya fundi ilikuwa kuipitisha picha kutoka jengo moja hadi la pili. Na picha ilikuwa haipiti.

"Inatoka, inaganda, inapotea," sista alimweleza mlangoni. "Nilipomwekea, mtoto kaganda kama sanamu. Yule mama akadhani ameacha kupumua. Alivyonishika mkono, hata sitaki kukumbuka. Nimeizima."

Fundi alitazama saa. "Wanamchukua saa ngapi?"

"Wapagazi wa vitanda wameshaitwa. Siwezi kuwazuia, lakini siwezi pia kuwasukuma," sista alisema, akarudi wodini.

Ndani ya chumba cha mitambo feni zilikuwa zinavuma na baridi inauma. Alikuwamo mzee wa kitengo, ambaye hospitali nzima ilimwita Taratibu, maana ndilo neno alilompokea nalo kila aliyeingia mbio. Safari hii hakulisema. Alisikia maneno ya sista, akainuka kwenye kiti kizuri akampisha fundi, yeye akavuta kigoda.

"Hebu tuanze mwanzo, binti. Picha inatoka kwa mtoto, halafu?"

"Inaingia ruta ya jengo la watoto. Inapita kwenye swichi. Inapokelewa na ruta ya wodi, ndipo inafika kwenye tableti."

Hapakuwa na waya wa kuvuta wala taa ya kutazama. Ruta zote mbili, zinazoelekeza njia mizigo ya picha na ujumbe, na swichi inayoziunganisha katikati, ziliishi ndani ya kompyuta moja kubwa iliyokuwa ukutani. Zilikuwa programu tupu zinazofanya kazi ya vyombo. Mafundi huziita mashine pepe.

"Ubaya wa hizi pepe," Taratibu alinung'unika, "huwezi hata kuzipiga kofi."

Fundi alituma ujumbe mdogo kutoka upande wa watoto, wa kubisha hodi tu, kuona kama upande wa wodi utaitikia. Ukaitikia. Akatuma tena, ukaitikia. Kisha kimya. Kimya. Halafu ukaitikia tena kana kwamba hapakuwa na neno.

"Huyu ana kwikwi," mzee alisema.

Fundi akakagua njia zilizoandikwa kwenye kila ruta: kwenda sawa, kurudi sawa. Akatazama kama kila moja ina ruhusa ya kupitisha mizigo ya wengine. Ruhusa ipo. Vidole vyake vikaanza kukosea herufi, akafuta, akaandika upya, akafuta tena.

"Nawaza yule mama," alisema.

"Mimi pia namuwaza. Ndiyo maana sikuharakishi. Zima moja, tuone."

Alizima ruta ya wodi. Ile ya watoto ikajibu kila hodi bila kukosa. Akaiwasha ya wodi, akazima ya watoto. Ya wodi nayo ikajibu vizuri kabisa. Akaziwasha zote mbili, na kwikwi ikaanza upya.

Taratibu alicheka kwa chinichini. "Kila mmoja akiwa peke yake, mtu wa watu. Wakikutana sebule moja, hawaelewani. Nina mashemeji wa namna hiyo."

Fundi naye alicheka, bila kutaka, na mabega yake yakashuka kidogo. Ndipo akili ilipopata nafasi. Kama kila ruta ni nzima ikiwa peke yake, basi hakuna iliyo mgonjwa. Shida iko katika kuwa pamoja. Na anayeziona zikiwa pamoja ni swichi.

Akafungua daftari la swichi, pale inapojiwekea kumbukumbu ya namba ya kila chombo na mlango kilipo, ili mzigo ukija ijue pa kuupeleka. Namba ya ruta ya watoto ilikuwa mlango wa kushoto. Akatazama tena: mlango wa kulia. Akatazama tena: kushoto. Namba ilikuwa inarukaruka.

"Mzee, njoo uone. Swichi inaambiwa mtu mmoja anakaa nyumba mbili."

Taratibu alisogeza miwani. "Au watu wawili wana kitambulisho kimoja. Hii ruta ya wodi umeitengenezaje?"

Fundi aliikumbuka ile siku. Hakuijenga upya. Alichukua ruta ya watoto, iliyokuwa imetulia vizuri, akainakili. Wakati wa kunakili, kompyuta iliuliza: nakala ipewe namba mpya, au ibaki na ileile? Akabonyeza ibaki na ileile, wala hakufikiri. Katika kitengo chao ndivyo walivyobonyeza siku zote. Mashine ikifa, nakala yake huamshwa na namba ya marehemu, kazi ikaendelea bila mgonjwa kujua lolote. Lakini safari hii hakuna aliyekufa. Wote wawili walikuwa hai, na kila mmoja alikuwa anapokea mizigo ya mwenzake.

"Ni mimi," alisema polepole. "Nimeipa namba ileile."

"Na aliyekuzoesha kubonyeza hapo ni nani?"

"Wewe."

"Basi tugawane lawama. Mpe namba yake, binti."

Alizima ruta ya wodi, akaipa namba mpya, akaiwasha. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Kimya kirefu, bila hata ile kwikwi. Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa sauti ya sista, ya chini: "Wapagazi wamefika."

Fundi alifumba macho. Namba ni mpya, ruta ni nzima, sasa nini? Hodi inakwenda wapi? Inakwenda kwa namba ya zamani. Ruta ya watoto bado inamkumbuka jirani yake kwa kitambulisho alichokuwa nacho mwanzo.

"Haijaambiwa," alisema, akafuta kumbukumbu ya majirani kwenye ruta na kwenye swichi pia, ziulizane upya.

Akabisha hodi. Ikajibu. Ikajibu tena, tena na tena, mistari ikashuka kiooni bila pengo.

"Kimbia," alisema Taratibu.

Wodini kitanda cha dirishani kilikuwa kimeshageuzwa kuelekea mlangoni, lakini hakikwenda popote. Mpagazi mmoja alikuwa amepiga magoti, anahangaika na gurudumu. Mwenzake aliegemea ukuta, anampa ushauri asioutaka.

"Bana hapo."

"Nimebana."

"Basi legeza."

Fundi aliona wazi kwamba gurudumu lile halikuwa na ugonjwa wowote. Akampa sista ishara ya kichwa. Sista akawasha tableti, akamshikia mama mbele ya uso.

Mama aligeuza uso pembeni kwanza. Bado aliogopa.

"Tazama, mwanangu," sista alisema. "Sasa hivi yuko sawa."

Alitazama. Mtoto alikuwa amelala chali, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Kifua chake kidogo kilipanda, kikashuka. Kikapanda. Mama aliweka kidole juu ya kioo, akawa anapumua pamoja naye. Kisha mkono wa nesi wa kule ukaingia pichani, ukainua kofia, na mtoto akakunja uso, akapiga miayo mirefu ya mtu mzima aliyechoshwa na wageni.

Mama alicheka, akashika mshono. "Kaudhika."

"Kaudhika sana," alisema sista, machozi yakimtoka.

Walimwacha atazame. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe alifuta macho kwa ncha ya shuka, akampa sista tableti.

"Haya, nipelekeni. Nikirudi nitamtazama tena."

"Itakuwa inawaka, dada," alisema fundi.

Kitanda kikaondoka, gurudumu likiteleza kama kawaida. Fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini. Muuguzi aliyekuwa anapita alimwekea kikombe cha chai pembeni bila kumwuliza kitu. Alipokuwa anakunywa, simu yake ikaita. Ni Taratibu.

"Bado inapita," alimwambia. "Niko hapa naitazama. Wewe kaa hukohuko, umsubiri arudi."

Alikaa. Jua lilikuwa limeshahama dirisha pale mlango wa mwisho wa ukumbi ulipofunguka, na mpagazi, mkono mmoja ukisukuma kitanda cha mama, akamwinulia kidole gumba akiwa bado mbali.