Rundo la Ngazini kwa Hatsue

Vitabu vilivyopangwa kwenye ngazi za Hatsue Kuramoto vilikuwa vinazaana kama sungura, na mwenyewe alikuwa na hakika kwamba hakuvinunua vyote.

Mgahawa wake ulikuwa katikati ya soko lenye paa, huko Osaka: kaunta moja, viti tisa, na bamba la chuma la moto alilogeuzia okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi na mayai, tangu mumewe yu hai. Watu walikuja kula, lakini zaidi walikuja kumsikia akivichambua vitabu vipya. Alivisoma huku akikata kabichi, akavichana vipande kuliko kabichi yenyewe.

"Hiki kilichopata tuzo?" angesema. "Kurasa mia nne, mwanamume anatazama mvua dirishani. Mvua si naiona bure mimi?"

Kaunta nzima ingecheka. Na vile vitabu vya paka waponyao mioyo, vilivyojaa madukani mwaka ule, alikuwa na dawa yake: "Anayesoma vile hana moyo mgonjwa. Ana akili iliyolala." Wangecheka tena, Tokuko msusi akipiga kaunta kwa kiganja, na mzee Nishiguchi, aliyekuwa fundi wa mikeka kabla magoti hayajamsaliti, akitikisa kichwa kwa kukubali.

Vitabu vyote walinunua kwa Sugimori, duka la kona. Sugimori, kama wauza vitabu wote wa kule, alikivika kila kitabu karatasi kabla ya kumkabidhi mtu, ili abiria wa pembeni kwenye treni wasijue unasoma nini. Karatasi yake ilikuwa ya kijivu, moja kwa wote. Kumvulia mtu kitabu chake karatasi ilikuwa kama kufunua sufuria ya jirani: hakuna aliyekukataza, na hakuna aliyefanya.

Hatsue alipenda utulivu huo wa kijivu. Akishafunga mgahawa hufuta kaunta, hukusanya vitabu vilivyozagaa, huvipandisha ngazini kungoja zamu yao. Siku hizi ilimbidi apande ubavuubavu.

Tena siku hizi kulikuwa na jambo jingine asilolipenda. Wateja walikuwa wakitupia ngazi jicho. Akigeuka, jicho linarudi kwenye sahani haraka. Mara mbili aliingia kutoka uani akakuta mazungumzo yamekatika kama uzi, na Tokuko, mwanamke asiyenyamaza hata akioshwa kichwa, anasifia mchuzi.

"Wana lao hawa," Hatsue alijiambia.

Minori, mkamwana wake, alifika na treni ya asubuhi kutoka Nagoya kwa ajili ya sala za mababu. Hakuwa amekanyaga pale tangu Mwaka Mpya. Hakukaa hata chai ikapoa, akashika ufagio akaanza na ngazi. Hatsue alikuwa jikoni akipondaponda viazi vikuu alipousikia ufagio umesita.

"Mama," Minori aliita. "Hivi hiki unacho viwili?"

Alikuwa ameketi kwenye kidato cha tatu cha ngazi, karatasi za kijivu zimezagaa miguuni pake.

"Umezivua?"

"Moja ilichanika yenyewe. Nikashtuka, nikaangalia na vingine." Akainua vitabu viwili vya upelelezi, vyenye jino lile lile la dhahabu juu ya jalada. "Hiki kimetoka mwezi huu. Kile cha mvua pia viwili. Halafu, Mama, vya paka hivi ni vya nini? Si wewe uliyesema bora usome maelezo ya sabuni?"

"Si vyangu."

"Viko ngazini kwako."

"Nimesema si vyangu!"

Minori alivipanga viwili viwili, na Hatsue alielewa alichokuwa akifikiri. Majira ya kuchipua alisahau gesi ikiwaka chini ya bamba, akaenda kuoga bafu la mtaa, na moshi ukamtangazia soko zima. Siku ile mwanawe Tetsuro alisema kwa upole, upole unaotisha kuliko ukali: ikitokea dalili nyingine moja, mgahawa unafungwa na mama anahamia Nagoya. Nagoya, ghorofa ya kumi na moja, mahali ambapo majirani husalimiana na lifti.

Na sasa dalili hiyo hapo, ameipata mke wa Tetsuro mwenyewe, siku ya kwanza, saa ya kwanza. Upesi ulioje!

"Umevileta wewe," Hatsue alisema.

"Nini?"

"Vitabu. Umekuja navyo, umeviweka hapo, ili umwambie mwenzio kwamba mama kachanganyikiwa. Mnataka kuuza kiwanja."

Rangi ikamtoka Minori usoni. Akatoka uani na simu yake. Kupitia mlango Hatsue alisikia vipande: "Viwili viwili… Sijui, Tetsuro… Anasema nimevileta mimi." Kisha: "Jumapili? Na gari?"

Basi gari la kumhamisha limeshatajwa.

Mchana viti vyote tisa vilijaa. Hatsue alimwaga uji wa unga na kabichi juu ya bamba, akageuza, akapaka mchuzi, na kila alipoinua uso alimpima mtu. Sugimori alikuwepo, anakula ameinamisha kichwa. Huyu je? Kwa nini asimuuzie kizee kitabu kimoja mara mbili, kizee mwenyewe anasoma kama moto wa nyika? Tokuko alikuwepo. Jicho lake likaenda ngazini, likarudi.

Hapo ndipo subira ilipokatika. Hatsue alizima gesi, akaangalia tena kama amezima, akapanda ngazini, akarudi amekumbatia rundo hadi kidevuni. Akalibwaga juu ya kaunta, katikati ya sahani.

"Leo tutaelewana," alisema. "Mnatazama ngazi zangu kama kuna maiti. Haya, tazameni vizuri!"

Akaanza kuchana karatasi. Moja, nyingine, nyingine. Mtu akaguna. Mzee Nishiguchi akafumba macho kama aliyeingia bafu lisilo lake. Majalada ya rangi yakatokeza: mvua, mvua tena, jino, paka amelala, paka mwingine kavaa miwani.

"Hicho changu!" Tokuko akaropoka.

Kaunta yote ikamgeukia.

"Hicho cha paka wa miwani. Nilikisahau hapa tangu mvua za mwezi wa sita."

"Changu kimefikaje ngazini kwangu?… Chako, nataka kusema."

"Si ulikichukua! Nilirudi kukifuata, nikakuona kwa macho yangu unakipandisha pamoja na vyako."

Hatsue alisimama na karatasi mkononi. Kaunta. Vitabu vilivyozagaa. Kila jioni, akikokota vyote vya kijivu kama vyake, kwa kuwa karatasi ya kijivu, machoni pake, ilikuwa yake.

"Mbona hukusema, shoga?"

"Ningeanzaje? 'Mama Hatsue, nirudishie kitabu cha paka'? Baada ya yale unayosema? Ningekula wapi tena!"

"Mlidhani naiba?"

Wakaangaliana.

"Tulidhani unaazima," alisema Sugimori, polepole. "Kwa muda mrefu."

Hatsue alitamani kukasirika, kicheko kikamtangulia. Mikono ikaanza kunyooka. Mwenye duka la chai akachukua mvua yake, akakiri kwamba ilimliza. Paka aliyelala akabaki peke yake, mpaka mzee Nishiguchi akakohoa.

"Hicho ni cha marehemu mke wangu."

"Mzee! Mkeo si ametutoka miaka sita? Kitabu cha mwaka huu hiki."

"Angekipenda," mzee alisema, masikio yamewiva, akakivuta taratibu hadi magotini. Kicheko kilichopasuka kilifika mpaka kwa muuza samaki.

Walikuwa wanasoma vyote alivyovikataza. Wote, ndani ya karatasi ya kijivu, wakimchekea. Hatsue aliweka hilo moyoni kwa ajili ya siku nyingine, kwa maana sasa kilikuwa kimebaki kitu kimoja: kile cha upelelezi. Nakala mbili. Moja yake, alijua, alikwisha kuisoma.

"Na hiki kingine?" Akakiinua. "Cha jino. Nani?"

Hakuna mkono.

"Jamani, si paka huyu. Hakuna cha kuonea aibu hapa. Tokuko?"

"Sipendi damu mimi."

"Sugimori? Nani alikinunua?"

Sugimori alimtazama kwa macho ya huruma, na huruma hiyo Hatsue hakuipenda hata kidogo. "Niliuza vingi wiki ile, mama," alisema.

Bamba lilikuwa linapoa, likitoa milio midogo. Minori alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, simu bado mkononi. Alikuwa ameona yote. Akamwangalia mamamkwe wake, akawaangalia wale tisa walioshika vijiti bila kula.

"Changu hicho," alisema Minori.

Akasogea, akakichukua, akakibana kwapani. Kisha akaweka simu sikioni hapo hapo, mbele ya watu. "Tetsuro? Acha gari. Vilikuwa vya wateja. Ndiyo, vyote. Nitakueleza." Akakata.

Kelele zikarudi kwenye kaunta, mtu akaomba chai, na Hatsue akawasha gesi. Kitabu kimetoka mwezi huu. Mkamwana kafika leo.

"Muuaji ni nani humo?" alimuuliza kwa sauti ya chini, Minori alipopita nyuma yake.

"Usinimalizie utamu, Mama. Bado nasoma."

Uso wake ulikuwa umefungwa vizuri, hakuna pa kuchungulia. Hatsue akageuza chapati ya mzee Nishiguchi, huku akitafuta kichwani mikono ya Sugimori ikikunja karatasi ya kijivu juu ya jino la dhahabu. Aliiona. Ikikunja kona, ikikunja kona nyingine. Ila kama ni mara moja aliyoiona, au mara mbili, hakuweza kusema, na hapakuwa na mtu pale ambaye angethubutu kumuuliza.