Risasi Iliyokataa

Bunduki ilisema "ta!" kisha kimya. Kulungu, mdogo tu kama mbuzi, aliinua kichwa ukingoni mwa msitu akamtazama Evodius machoni.

"Usiifungue," mzee Ragnar alinong'ona nyuma yake. "Risasi kuukuu huchelewa kulia. Ukiifungua itakulipukia usoni. Lenga vilevile, usubiri."

Evodius alisubiri. Jasho lilimtoka, pamoja na baridi yote ile ya Oktoba! Bunduki ilikuwa ya babu yake Ragnar, na risasi zake zilitengenezwa kabla wao wawili hawajazaliwa. Zilikuwa zimebaki mbili tu. Ragnar alikuwa na kansa, mikono ikimtetemeka, na mwaka ule wa 2009 hakutaka kingine ila kula kulungu wa bunduki hiyo kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana alimwachia Evodius alenge.

Na kwa nini Evodius? Tangu mkewe, Clementina, afariki, nyumba yake pale Hagsätra, huko Sweden alikohamia, ilikuwa imepoa, watoto wakipiga simu Krismasi kwa Krismasi. Huyu mzee, waliyechomelea naye vyuma miaka mingi, ndiye pekee aliyekuja kumgongea mlango bila kuwa na shida yoyote. Msweden, jamani, anabisha hodi bila miadi! Kila vuli walikaa kwenye gogo lilelile, chupa ya kahawa katikati, maneno machache. Evodius alimpenda, basi.

Risasi haikulia. Kulungu alichoka kutazamwa, akajiendea zake taratibu.

"Nisamehe, mzee."

"Kwani wewe umefanya nini? Imekataa yenyewe." Ragnar aliitoa mfukoni ile iliyobaki, akaifuta kwa kidole gumba, akairudisha. "Hii tuiweke ya mwakani."

"Ya mwakani," Evodius aliitikia.

Ragnar alizikwa kabla theluji haijayeyuka. Bunduki ilichukuliwa na ndugu zake, watu wa mbali. Vuli ilipofika, Evodius alipanda treni, kisha basi, akaenda mikono mitupu kukaa kwenye gogo. Alimimina kahawa vikombe viwili kwa mazoea, akajicheka.

Mara kulungu akatokea, palepale.

"Mzee, huyo," Evodius alinong'ona.

Hakugeuka nyuma. Alikaza macho mbele, akasubiri, kama alivyofundishwa.