Vigingi Chini ya Mkwaju

Mwaka wa tisini na nne, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kugombea abiria mpaka Dutwa, akina mama wa jumuiya aliyosali Benedikta walikodi moja waende kutembea. Walikuwa wamesikia kwamba nyumba ya zamani ya mtemi, iliyo juu ya kilima upande wa Nassa, imechukuliwa na tajiri mmoja wa Mwanza, imepakwa rangi, na sasa watu wanaruhusiwa kuingia na kushinda kwenye bustani zake. Tangu utemi ufutwe, nyumba ile ilikuwa ofisi, kisha ghala la pamba la ushirika, na mwisho makazi ya popo.

Benedikta alimweleza mama mkwe wake habari hiyo huku akichambua mchele, bila kutegemea lolote. Sayi alikuwa ameishi nao mwaka mzima tangu afiwe na mumewe, na mwaka huo mzima hakwenda mbali kuliko kanisani. Harusi alikataa. Hata kwenda kumwona ndugu yake Somanda alikataa.

"Mnakwenda lini?" Sayi aliuliza.

"Jumamosi, mayu," Benedikta alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Niwekee nafasi."

Ngeleja, mume wa Benedikta, aliposikia alicheka, akasema huenda mama amechoka kuziangalia sura zao.

Walifika saa nne asubuhi. Aliyewapokea alikuwa Januarius, mwanamume wa miaka kama arobaini, aliyekuwa karani wa ushirika mpaka alipopunguzwa kazi. Aliwasalimia wazee kwanza, "Mwangaluka," kisha akaanza kuwatembeza kwa sauti ya mtu aliyeipenda kazi yake mpya. Aliwaonyesha baraza ambako mtemi aliamua kesi, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na ukuta wenye alama za marobota ya pamba. Akina mama walivua viatu bila kuambiwa.

Nyuma kabisa kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja.

"Hapa alilala mke mdogo," Januarius alisema. "Aliolewa akiwa binti mbichi. Wazee wananiambia aliruka dirisha hili akatoroka na mchunga ng'ombe."

Akina mama waliguna, wengine wakacheka. Sayi alisogea mpaka dirishani, akashika nondo moja.

"Nondo hizi zilikuwapo tangu nyumba inajengwa," alisema kwa upole. "Huyo mtu alipitaje?"

Januarius aliziangalia nondo kama anayeziona mara ya kwanza. "Kwa kweli, mama, sijui."

"Alitoka kwa mlango wa mbele, mchana, watu wote wakiona. Na hapakuwa na mchunga ng'ombe."

Watu walidhani bibi amesikia masimulizi mengine, wakaendelea na chumba kilichofuata. Benedikta peke yake hakuondoka. Aliuona mkono wa mama mkwe wake ukiwa bado juu ya nondo, ukiipapasa kama mtu anayekagua kitu chake. Miaka kumi na mmoja alikuwa mkwe wa mwanamke huyu, na mwaka mzima walikuwa wamepika jiko moja.

"Mayu," alisema, "ni wewe?"

Sayi alitoka nje kwa mlango wa jikoni, akashika njia ya bustanini, na Benedikta akamfuata.

Bustani ilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, mijakaranda imepangwa mistari miwili kuteremka upande wa ziwa, na chini yake wenzao wengine walikuwa wameshatandika khanga na kufungua vyombo vya wali. Sayi aliwapita. Alikwenda mpaka kwenye mkwaju mmoja mzee pembeni, akasimama ghafla. Chini ya mkwaju huo vilikuwa vimepigwa vigingi vinne na kufungwa kamba.

Sayi alipiga magoti, akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikang'oka.

"Mama, tafadhali," Januarius aliita, akija mbio. "Hapo Jumatatu mafundi wanaanza kuchimba. Tajiri anajenga banda la vinywaji."

"Wachimbe kwingine."

"Kwa nini?"

Sayi alimtazama Benedikta kwanza, kisha Januarius. "Mwanangu yuko hapa. Anaitwa Malimi. Aliishi miezi mitano."

Sayi alikaa kwenye nyasi, akaeleza taratibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma. Mtoto alipofariki, watu wa nyumbani walianza kunong'ona kwamba ameingia na mkosi. Mtemi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia aende kwao apumzike, naye akaenda. Hakuitwa tena, wala mtemi hakukubali watu wake wadai kurudishiwa ng'ombe wa mahari. Miaka mitatu baadaye alimpata baba yake Ngeleja. Alimweleza yote kabla ya ndoa, wakakubaliana kwamba haitasemwa.

"Mume wangu alipokuwa hai nilinyamaza kwa ajili yake," alisema. "Sasa sina wa kumnyamazia."

Benedikta alikaa karibu naye, akaushika mkono wake wenye udongo. Alitaka kusema pole, lakini neno lenyewe aliliona dogo. "Alifanana na nani?" akauliza badala yake.

Sayi alifikiri. "Na Ngeleja. Masikio haya haya." Akatabasamu, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Januarius alikuwa amesimama na kigingi kilichong'olewa mkononi. Alipima kwa hatua kutoka kwenye mkwaju, hatua thelathini, akakichomeka upande wa pili wa njia. Akarudi kuchukua vile vitatu na kamba.

"Nitamwambia tajiri huku udongo ni wa mfinyanzi, utapasua ukuta," alisema. "Akikataa, nitamweleza ukweli, kama unaniruhusu."

"Ukweli mweleze kwanza," Sayi alisema. "Huo uongo wa nini?"

Tajiri hakukataa. Banda la vinywaji lilijengwa ng'ambo ya njia, na wageni wakawa wanaambiwa kwamba mke mdogo alifiwa na mtoto, akarudi kwao.

Jumapili, baada ya misa, Sayi alimwita Ngeleja uani akamweleza mwenyewe. Benedikta aliwaona kwa mbali tu. Ngeleja aliinamisha kichwa, akauliza jambo, mama yake akajibu. Mavuno ya pamba yalipokwisha, Ngeleja aliazima baiskeli yenye kiti imara nyuma, akampakia mama yake asubuhi na mapema, wakaenda kwa Malimi. Walirudi jioni ya siku ya pili wakiwa wamejaa vumbi na wamebishana njia nzima kuhusu ni nani aliyekosea kona ya Nassa.