Pindo la Suruali ya Mwalimu Genésio

Redio ilipotangaza kwamba gavana anaondoka, Dona Zulmira alikuwa anapachika zipu kwenye sketi ya mke wa mwoka mikate. Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaongeza sauti. Daktari Leôncio alikuwa ametawala jimbo miaka ishirini na mitatu: ishirini kwa jina lake, na mitatu kwa jina la mkwewe, sheria ilipomtaka apumzike kidogo. Sasa alisema moyo wake umechoka. Aliwashukuru watu wake, akawabariki, na bendi ya polisi ikapiga.

Mji wa Lagoa do Juá haukushangilia papo hapo. Watu walitoka milangoni wakatazamana, kama waliosikia tone la mvua kwenye bati na kila mmoja anamwachia mwenzake aseme. Hatimaye Bwana Tonico, mwenye baa ya ubavuni mwa kanisa, alipandisha mlango wake wa chuma mpaka juu.

"Kaenda," alisema.

"Kaenda kabisa, au kama ile ya mkwewe?"

"Kabisa. Kabeba hata mbwa."

Hapo fataki zikalia, na watu wasiosemezana tangu uchaguzi wa tatu wakakumbatiana. Mjane mmoja tu alilia. Alikuwa amepewa meno bandia ya juu kabla ya kura, akaahidiwa ya chini baada ya ushindi.

"Sasa mie nitatafunia nini?"

"Tafunia uhuru, bibi," akasema Tonico. "Ni laini."

Asubuhi ya Jumatano watu waliamka wamerefuka.

Karani wa posta alijigonga paji la uso kwenye kizingiti cha nyumba aliyoishi tangu kuzaliwa. Mke wa mwoka mikate aliikuta sketi yake mpya imekuwa fupi. Padri aliligusia jambo hilo kwenye misa, baada ya tangazo la ubatizo na kabla ya lile la paa linalovuja. Hakuna aliyeita daktari. Kufika saa tatu, foleni mbele ya nyumba ya Zulmira ilikuwa imepinda kona, kila mtu na nguo zake mkononi.

Alifumua mapindo siku mbili mfululizo, na futi yake ya kupimia ndiyo iliyomfumbulia mambo. Karani wa posta, aliyeinama kubusu mkono wa gavana kila alipozuru, alikuwa ameongezeka shibiri nzima. Padri, vidole vinne. Dona Quitéria, muuza mitishamba aliyewahi kulifukuza gari la gavana kwa ufagio, hakuongezeka hata unywele. Gauni lake la zamani lilimkaa vilevile, naye alipita nalo barabarani asubuhi na jioni ili walioliona walione tena.

Zulmira mwenyewe alikuwa ameongezeka vidole viwili, na alijua vilikotoka. Ndiye aliyeshona mabango ya kampeni zote. Alishona hata mwaka ule alipochukuliwa kaka yake, Valdivino, maana oda ililetwa na polisi aliyeketi kitini kumsubiri amalize. Alikuwa ameshusha pindo la sketi yake mapema, kabla hajafungua mlango.

Valdivino alikuwa mkata miwa. Aliwashawishi wenzake wakatae mizani iliyochezewa, kisha akajificha kwenye ghala la shemeji yake. Siku ya nne polisi walimtoa humo, na hakuonekana tena. Imepita miaka kumi na minne. Waliojua maficho yale walikuwa watatu: Zulmira, shemeji, na Mwalimu Genésio.

Mwalimu Genésio, mkuu wa shule, alikuwa baba wa ubatizo wa binti ya Zulmira. Kila Jumapili pale kwa Tonico alimtukana gavana huku akipiga meza, na hakukamatwa hata mara moja. Watu walisema polisi wanaiogopa elimu yake.

Alikuja Jumamosi mchana, wengine wakiwa mezani. Aliinama sana ili apite mlangoni. Alivaa koti la mvua lililomfika magotini, na jua lilikuwa kali.

"Nimerefuka kidogo, Dona Zulmira."

"Panda kwenye kibao, Mwalimu. Vua koti."

Suruali ilikuwa imeishia katikati ya miguu. Zulmira alipiga magoti akapima. Akapima tena. Shibiri mbili na vidole vitatu. Mjini kote hapakuwa na mwingine wa namna hiyo.

"Mbona nyingi hivi?"

"Wengine hukua tu."

"Genésio."

Katika miaka thelathini hakuwahi kumwita hivyo, bila Mwalimu. Genésio alishika boriti ya dari, ambayo sasa ilimfika usoni.

"Walikuwa na mwanangu pale kituoni," alisema. "Hawakumpiga. Walimkalisha tu kwenye benchi, wakaniuliza mara moja."

"Mara moja?"

"Sikungoja ya pili."

Zulmira alikuwa na pini sita mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Walimpeleka wapi?"

"Shamba la mapumziko la Daktari. Nyuma ya zizi la farasi, penye mchungwa. Kila Krismasi Daktari aliniletea kapu la machungwa ya pale. Nilikuwa nikiyala, Zulmira. Yalikuwa matamu, nami nikiyala."

Zulmira alitaka kumsukuma aanguke kutoka pale kwenye kibao. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye magoti ya yule mtu. Kwa muda mrefu aliiacha hapo, na Genésio aliiachia boriti, wala hakujitetea.

"Shuka," alisema mwishowe. "Kitambaa cha pindo hakitoshi. Nitaunga kingine, na kiungo kitaonekana."

"Kionekane."

Jumapili baada ya misa Zulmira aliwaambia watu. Wakaenda shambani kama sitini, na majembe, na masufuria ya maharage na nyama kavu, maana mji ulikuwa ungali katika sherehe na hakuna aliyetaka kwenda mahali na njaa. Genésio alifuata nyuma. Hawakumfukuza, ila nafasi ya hatua kumi ilibaki mbele yake njia nzima.

Langoni walimkuta mlinzi Josué, mtu wa mji huohuo, sare ikimbana na mikono ikiishia viwikoni.

"Shamba bado ni la familia," alisema. "Leteni karatasi ya jaji."

"Jaji si shemeji yake Daktari?"

"Ndiye."

Watu wakacheka, na Josué naye akacheka, lakini hakufungua.

"Hiyo sare niletee kesho, mwanangu," Zulmira akamwambia. "Unaumia bure."

Kisha akaufuata ukuta hadi nyuma ya zizi. Ukuta ule ulijengwa kwa vipimo vya watu kabla hawajarefuka, urefu wa kuwazidi kidogo. Sasa walijipanga kando yake, wakaweka viwiko juu, wakatazama ndani. Zulmira alisimama kwa ncha za vidole, na macho yake yakavuka. Dona Quitéria peke yake hakuona kitu. Alilalamika kwa sauti mpaka Genésio aliposogea, akapiga magoti, na bibi akampanda mabegani bila kumshukuru.

Mchungwa ulikuwepo, umezaa sana. Chini yake majani yalikuwa mabichi kuliko penginepo.

"Valdivino," Zulmira aliita, kwa sauti ya kumwita mtu aliye uani. "Tumekuona."

Farasi mmoja aliinua kichwa, kisha akaendelea kula. Lango halikufunguliwa siku ile, wala zilizofuata. Mtu alimpa Zulmira sahani ya maharage. Akaiweka juu ya ukuta, kama wenzake, akala akimtazama kaka yake.