Chumba Kisicho na Cherehani

Fundi alikuja chuoni kila Jumanne, saa nne kamili. Alishajua kwamba akichelewa hata dakika tatu, siku yangu yote huharibika. Nina usonji; wahadhiri wenzangu waliniita Saa ya Ukutani, wakidhani sijui.

Alikuwa mkata nguo kwa miaka ishirini na sita. Madaktari walipomtoa uvimbe kooni, sauti iliondoka nao. Tulikuwa tukibuni kifaa cha kuvaa kifuani: unabonyeza, kinasema. Kwenye andiko la utafiti nilikuwa nimeandika kwamba tutabuni pamoja na watu wenye ulemavu, na neno "pamoja" nikalipigia mstari.

Maneno aliyachagua yeye. Mimi nilitaka "Tafadhali naomba msaada." Akaandika kwenye daftari lake: "Mwalimu, mimi si ombaomba. Weka 'Acha kukata.'" Tukaweka. Tukaweka na "Leta chaki," na "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Hilo lilimchekesha mpaka mabega yakatikisika.

Kitu kimoja sikumwachia. Masikio yangu hayachuji: feni, kiti kinachoburutwa, kijiko kikombeni, vyote huingia kwa nguvu moja. Siku ya kwanza alipopandisha sauti ya kifaa, niliziba masikio nikajikunyata. Akaishusha, na hakuipandisha tena. Nami nikaandika kwenye ripoti: "Mtumiaji anapendelea sauti ya chini." Nikaagiza spika ndogo.

Karakana alikokuwa akikatia nguo ilikuwa na cherehani kumi na moja. Nilisema nitakwenda kuiona wiki ijayo. Ikapita miezi saba.

Binamu yake, mwenye karakana, alimpa siku moja ya majaribio; akiweza kuwaelekeza wenzake, meza ya kukatia itarudi kuwa yake. Siku hiyo nilishinda ofisini nikikunja karatasi na kuikunjua. Saa kumi mke wa Fundi akanipigia simu.

"Mwanangu, wamemrudisha."

"Kifaa kimeharibika, mama?"

"Kizima. Ila nani akisikie? Mwenzake kaanza kukata suti kwa vipimo vya mteja mwingine. Mzee kabonyeza 'Acha kukata' weee, hakuna aliyegeuka. Shemeji, mwenye karakana, anasema pale si maktaba."

"Mbona hakuniambia sauti ni ndogo?"

"Alisema, yule mtoto tukipandisha anaumia."

Asubuhi yake nilipitia kwao, nikakichukua kifaa na kukipandisha mpaka mwisho. Spika ile haikuwa na zaidi. Hata hivyo nilikwenda karakana, kumwambia yule binamu kwamba kosa ni langu, ampe Fundi mwezi mmoja nibadilishe spika.

Nilifika mlangoni. Cherehani zote kumi na moja zilikuwa zikienda, na kila moja iliniingia kichwani kivyake. Mwenye karakana aliinua uso.

"Sema, dada. Sikusikii."

Nilisema. Najua nilisema, kwa sababu nilihisi midomo ikisogea.

"Sema kwa nguvu."

Nyuma yake, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, mtu nisiyemjua alikuwa akikata kitambaa cha kijivu. Nikabonyeza kifaa mkononi mwangu. Nikabonyeza tena. Mkasi uliendelea mpaka mwisho wa kitambaa.

Mwenye karakana alinitazama kwa huruma, kisha akarudi kwenye kazi yake.